Hapumui Mtu kwa Wastani

Shemeji yangu alikuwa akipumua kwa umeme. Sisemi kwa mafumbo. Kando ya kitanda chake kulikuwa na mashine ya oksijeni, ukubwa wa ndoo ya kufulia, inayovuta hewa ya chumba, kuichuja na kumpelekea puani kwa mrija mwembamba. Umeme ukiwapo anaongea, anacheka, ananisuta kwamba mtu mzima mimi sijui kukunja shuka. Umeme ukikatika, midomo yake inageuka rangi kama ya mtoto aliyelamba wino. Zahanati ilituazima mashine hiyo, lakini mitungi walisema ni ya waliolazwa. Betri ya gari tulijaribu, ikazimika hata chai haijapoa.

Alikuwa mdogo wake marehemu mke wangu. Alikuja kumuuguza dada yake, dada akafa, yeye akabaki na ugonjwa uleule. Mapafu. Kota tunazokaa wafanyakazi zimejengwa nyuma ya banda la jenereta, na bomba la moshi limeelekezwa madirishani kwetu, kwa sababu upande wa pili kuna ofisi ya Mkurugenzi. Ukianika nguo nyeupe asubuhi, jioni unaanua za kijivu. Mke wangu alikufa mchana kweupe, umeme wa mtaa ukiwa umekatika, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta wake kulisha mashine za ofisi. Niliomba waya mmoja tu. Nikajibiwa kwamba jenereta imelemewa, haina nafasi. Nijibiwe mimi hivyo, mimi ninayeitunza jenereta hiyo na kuinywesha mafuta kwa mikono yangu.

Na ilikuwa ikilisha nini? Ofisi ile inahesabia maduka makubwa bidhaa zao. Kila alasiri maduka yote yanatuma taarifa kwa mpigo, na kile chumba cha baridi chenye makabati ya seva, zile kompyuta kubwa, kinahesabu sabuni ngapi zimebaki rafuni, dawa za meno ngapi, karatasi za chooni ngapi. Mke wangu alipishana na karatasi za chooni, karatasi zikapita kwanza.

Mkurugenzi wetu tulimwita Bwana Wastani. Si kwa kimo chake. Hana sentensi isiyo na neno hilo. Ukimwambia mishahara midogo, atakwambia kwa wastani ni mizuri. Ukimwambia bomba la kota halitoi maji, atakwambia kwa wastani linatoa. Sasa mafuta ya jenereta yalipoanza kumuuma, akaitisha kikao uani, akasema seva za zamani zitaondolewa, zije zinazokula umeme kidogo. Akatutazama sisi wa kota, akaongeza, "Na umeme utakaobaki utakwenda kwenye nyumba zenu. Nawaahidi."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikwenda nyumbani.

"Shem, Bwana Wastani ameahidi umeme," nikamwambia shemeji.

"Ameahidi kwa mdomo au kwa waya?"

"Kwa mdomo."

"Basi mwambie atangulie yeye kupumua kwa mdomo, nimwone." Akavuta hewa. "Na usimwage chai hapo, mashine hiyo si ya babako."

Aliletwa mhandisi wa kulinganisha mashine, mwanamke kijana mwenye miwani, mpole, anayesalimia mpaka mlinzi wa getini. Nilimpenda, sikatai. Aliniita mzee wangu, nami nikamwita mwanangu. Alinihitaji kwa sababu alitaka kuona mita ya jenereta inavyosema wakati mashine zake zinafanya kazi, kwa hiyo nikapata ruhusa ya kuingia chumba ambacho mke wangu hakukiona hata mlango wake.

Mle ndani alipanga mashine tatu, seva moja ya zamani na mbili mpya.

"Prosesa ndiyo ubongo wa seva, mzee wangu," akanieleza. "Hii ya zamani ni ya ukoo mwingine, ukoo wa wenye nguvu, wasiojali kula. Hizi mbili ni za ukoo wa ARM, ukoo mmoja na ile iliyo ndani ya simu yako. Simu inaishi kwa betri. Kwa hiyo ukoo huu umelelewa na njaa, umezoea kula kidogo."

"Kama ni ndugu, umeleta mbili za nini?"

"Hujaona ndugu wa tumbo moja wakatofautiana? Hii ina vichwa vingi vidogo. Kila kichwa kinafanya kazi kwa foleni, ya kwanza kwanza, ikikwama kinasubiri. Hii nyingine ina vichwa vichache vikubwa. Kazi ikikwama hapa, kinarukia ya mbele, kinaimaliza, kisha kinarudi."

Fundi wa viyoyozi, mtu wa maneno, alikuwa juu ya ngazi akisafisha kichujio. "Kwa hiyo huyu ni Siafu na yule ni Duma," akasema. "Na ile ya zamani ni Kifaru. Na mimi ni mzoga, maana zisipotoa joto hizo, nani ataniita?"

Majina yakashika. Hata Mhandisi akaanza kuyatumia.

Akazipa zote kazi ileile, mzigo wa alasiri wa maduka, nami nikakaa kwenye mita. Kifaru alivuta umeme mpaka jenereta ikakohoa, na hata alipomaliza aliendelea kuvuta, kama mgeni aliyeshiba asiyeondoka mezani. Siafu walivuta kidogo, mshale ukasimama pale chini haupandi haushuki, wakachukua muda mrefu sana kumaliza. Duma aliruka. Mshale ulipanda juu, si kama wa Kifaru lakini juu, akamaliza upesi, na mara mshale ukaanguka karibu na sifuri. Alikuwa amelala.

"Nani kashinda?" nikauliza.

"Duma," akasema Mhandisi. "Siafu wanakula kidogo kwa muda mrefu, na muda wote huo feni inazunguka, kumbukumbu iko macho, kabati zima liko macho. Duma anakula kwa pupa, halafu anazima taa analala. Ukijumlisha chakula cha siku nzima, Duma kala kidogo kuliko wote."

"Na waya wangu?"

Nilikuwa nimemweleza habari za shemeji, hata alikuwa amekuja kumwamkia mara moja, wakacheka pamoja kuhusu shuka zangu. Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa blauzi.

"Hapo ndipo penye shida, mzee wangu. Jumla ya siku ni habari ya mafuta. Jenereta haijui jumla. Jenereta inajua mzigo wa wakati uleule. Duma akiruka, ule mruko wake pamoja na viyoyozi unajaza jenereta yote. Siafu hawaruki kamwe. Wakiwa Siafu, waya wako unabeba kota mchana kutwa bila kukatika."

"Basi waandikie wakubwa wachukue Siafu."

"Nitawaeleza vyote viwili."

Alieleza, Mungu shahidi. Nilikuwapo kwenye kikao, nimesimamishwa ukutani kama kabati, endapo ataulizwa mtu wa jenereta. Sikuulizwa. Alisema Siafu watapunguza mafuta vizuri, Duma watapunguza vizuri zaidi kidogo, lakini Duma wana kilele kila alasiri na kilele hicho hakiachi nafasi ya kota. Bwana Wastani akasikiliza kidevu mkononi.

"Kilele chenyewe cha muda gani?"

"Dakika chache, kwa kawaida."

"Basi tuchukue Duma. Tufunge swichi ya kujiendesha. Mzigo ukipanda, swichi inakata kota. Mzigo ukishuka, inarudisha. Kwa wastani kota zitakuwa na umeme karibu siku nzima. Wamewahi kuwa na umeme karibu siku nzima?"

Nikasema, "Mkurugenzi, kuna mtu wangu anapumulia umeme huo."

"Ndiyo maana nampa, mzee," akasema kwa upole kabisa. "Jana alikuwa na nini?"

Hawa watu ndivyo walivyo. Wanakunyang'anya kanzu, wakikurudishia mkono mmoja wanangoja shukrani.

Kabati likajazwa Duma, swichi ikafungwa ndani ya kisanduku cha chuma bandani kwangu. Ufunguo wa kisanduku ukakaa mezani kwa Mkurugenzi, maana alisema mikono mingi huharibu mtambo. Waya niliuvuta mwenyewe mpaka dirishani kwa shemeji. Siku ya kwanza umeme wa mtaa ulipokatika, mashine yake ilikwama kidogo tu, kisha ikashika umeme wa jenereta na kuendelea. Akapiga kofi moja la furaha, kisha akajifanya hajapiga.

Alasiri swichi ikasema tak. Mashine ikanyamaza. Nilikuwa pale. Alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, mabega yakipanda na kushuka, macho yamemtoka, akiniangalia mimi. Dakika chache. Tak, umeme ukarudi. Alipopata sauti akasema, "Dada alikuwa ananiita. Nikamwambia ngoja, wanahesabu sabuni."

Nilikwenda kwa Mhandisi. Sikumpigia kelele. Nilimweleza rangi ya midomo, basi. Akafunga mlango.

"Ninaweza kumfunga Duma kamba mguuni," akasema. "Nikimwekea ukomo wa mwendo, hataruka juu kiasi kile. Atachelewa kumaliza, lakini hatofikia kilele, na swichi haitakata. Usimwambie mtu."

Akamfunga. Wala haikumchukua muda, alibonyezabonyeza tu. Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote nilizoziona tangu nizike. Umeme wa mtaa ukikatika, swichi inakaa kimya. Shemeji akanenepa shingo. Akaanza kukaa kizingitini, mrija umevutwa mpaka mlangoni, akiwatania wapita njia. Jirani mmoja akamuuliza lini tutaoana, maana mke aliyekufa huachia mdogo wake nafasi. Shemeji akamjibu, "Huyu? Huyu atanimalizia pumzi kwa kunung'unika." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Maduka hayakucheka. Hesabu za sabuni zilikuwa zikifika jioni badala ya alasiri. Meneja mmoja wa maduka akalalamika, Bwana Wastani akaitisha maelezo, na siku moja akaja mwenyewe chumba cha seva. Mimi nilikuwa mle nikisoma mita.

"Nani ameweka ukomo huu?" akauliza, kidole kwenye skrini.

"Mimi," akasema Mhandisi.

"Kwa nini tulinunua Duma tukamfuga kama mbuzi?"

Akaeleza habari za kota. Mkurugenzi akanitazama, akamtazama yeye, akatabasamu kama mtu aliyewafuma watoto na sukari.

"Mhandisi, mkataba wako unakwisha lini?"

Mkurugenzi hakungoja jibu.

"Ondoa."

Nilimtazama vidole. Nilitaka vitetemeke. Havikutetemeka. Alibonyeza mara mbili, tatu, ikawa imetoka. Mkurugenzi alipoondoka akanigeukia, "Mzee wangu, nina mtoto anasoma."

"Na mimi nina mtu kitandani," nikasema.

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingebonyeza."

Akalia. Nikaendelea kusoma mita.

Sasa sikiliza. Dakika chache ni za siku ya kawaida. Mwisho wa mwezi maduka hayatumi taarifa za siku moja, yanatuma hesabu za mwezi mzima, rafu kwa rafu, ghala kwa ghala. Duma anaruka wala hapati usingizi. Mwisho wa mwezi uliofuata umeme wa mtaa ulikatika tangu asubuhi. Nikawasha jenereta. Adhuhuri ilipita salama. Alasiri, tak.

Nilikimbilia nyumbani. Shemeji alikuwa ameegemezwa mito, mrija uko puani lakini hautoi kitu. Nikampepea kwa mfuniko wa boksi. Nikasubiri tak ya pili. Haikuja. Nilisikia jenereta inavyonguruma kwa uzito, nikajua mzigo hauteremki leo.

"Nenda," akasema, neno moja kwa pumzi moja. "Waambie. Wahesabu. Haraka."

Alitaka nicheke. Sikuweza.

Nikarudi bandani. Kisanduku kina kufuli la shaba. Nikapiga nyundo, nikapiga, kufuli likapinda lisifunguke, maana vitu vyao vinavyotuzuia hununuliwa imara. Nikapanda ngazi mpaka kwa Mkurugenzi. Karani wake akainua mkono. "Baba, ana wageni. Keti kidogo." Akanisukumia kiti. Nikakaa. Miaka yote nimeambiwa keti, nimekaa; miguu yangu haikuniuliza. Nani aliyeifundisha hivyo? Si mimi. Nilikaa nikitazama saa ya ukutani, kisha nikamtazama karani akipiga mhuri, kisha nikasimama nikasukuma mlango.

Ndani kulikuwa na watu wa maduka, wamevaa suti, juisi mezani. Ukutani mchoro wa mistari umewashwa kwa projekta. Mhandisi amesimama pembeni na kompyuta yake mkononi. Bwana Wastani aliponiona hakukasirika hata kidogo.

"Karibu, mzee. Mabibi na mabwana, huyu ni mmoja wa wanufaika niliokuwa nawaeleza. Anaishi kwenye zile nyumba. Waambie, mzee, sasa mna umeme?"

"Hatuna," nikasema. "Shemeji yangu anakufa. Nipe ufunguo."

Mgeni mmoja akaweka glasi chini. Mkurugenzi akageukia mchoro, kwa kweli akageuka, akaelekeza kalamu. "Leo ni kilele, hiyo ni kawaida ya mwisho wa mwezi. Lakini kwa wastani wa mwezi mzima, ukiangalia huu mstari wa kijani..."

"Mkurugenzi. Hapumui mtu kwa wastani."

"Nakuelewa. Mhandisi, bado sana?"

Mhandisi akatazama kompyuta. Sauti ikamtoka ndogo. "Bado kidogo."

"Unasikia? Kidogo tu. Na mzee, wewe ni mtu wa jenereta, unajua. Nikikupa ufunguo ukaunganisha kota sasa hivi, mzigo utazidi, jenereta itazimika yote. Seva zitazimika, hesabu itaanza upya, na nyinyi pia mtakosa. Tutakosa wote. Ndicho unachotaka?"

"Ndicho," nikasema. "Ndicho hasa ninachotaka."

Kwa mara ya kwanza nilimwona hana sentensi. Mkono wake ulikwenda kwenye droo, ukasimama juu yake, ukarudi mezani. Alimtazama mgeni, si mimi. Mgeni alitazama juisi yake. Nikamgeukia Mhandisi, ambaye angeweza kubonyeza. Aliwahi kubonyeza kwa ajili ya shemeji kabla hajabonyeza kwa ajili ya Mkurugenzi. Kidole kilikuwa juu ya kompyuta. Akatazama skrini tu, akitazama na kutazama, kama mtu anayengoja wali uive.

"Imekwisha," akasema.

Jenereta chini ikapumua. Sote tuliisikia sauti yake ikilegea, Duma kalala.

"Unaona?" akasema Bwana Wastani, na rangi ikamrudia. "Umeme umesharudi kwenu. Msalimie mgonjwa."

Nilishuka ngazi. Sikukimbia tena; nilikuwa naogopa kufika. Nilipokaribia kota nikaisikia mashine ya oksijeni kutoka uani, inafanya kazi, imejiwasha yenyewe kama ilivyoundwa. Moyo ukanidanganya kidogo. Nikaingia. Taa yake ya kijani inawaka. Shemeji alikuwa ameteleza kutoka kwenye mito, shingo imelala upande, na mrija ulioko puani ulikuwa ukimpulizia hewa safi, hewa nyingi, hewa ya kutosha mtu na dada yake. Unywele mmoja juu ya mdomo ulikuwa ukitikisika kwa upepo huo. Kitu kingine hakikutikisika. Nilimshika mkono, nikamshika kifua, nikaweka sikio. Kisha nikamweka vizuri kwenye mito, nikamfumba macho, nikamfunika shuka mpaka kidevuni. Mashine sikuizima.

Mhandisi akaja mbio, viatu mkononi, miwani imefifia kwa jasho. Akasimama kizingitini. Aliona taa ya kijani, aliona shuka, aliona mrija puani.

"Amelala?" akanong'ona.

Nilimtazama. Nilimkumbuka na blauzi yake akifuta miwani, na machozi yake mbele ya mita. Mkurugenzi simfikii, ana ngazi, ana karani, ana wageni. Huyu alikuwa amefika mwenyewe mpaka kitandani.

"Amechoka," nikasema. "Keti hapo. Mrija unateleza, mshikie usitoke. Muongeleshe, anapenda kusikia sauti."

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akashika mrija kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kama mtu anayeshika uzi wa sindano. "Pole, shangazi," akaanza kumwambia. "Pole sana. Umeme umerudi. Nitakufungia tena ile kamba, safari hii hawataiona. Vuta hewa taratibu, shangazi."

Nikawaacha. Nilikwenda kuwaita majirani, nyumba moja baada ya nyingine, nikaanza na ile ya mbali.